Ekzosi Ikitoboka na Boom Bado

Wanachuo wenzangu, nasomea ualimu, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama naandaa somo. Mada ya leo ni ekzosi. Sisi wanne tunachangia mafuta kwenye gari kuukuu la kaka wa mmoja wetu, ndilo linalotupeleka kwenye mazoezi ya kufundisha. Ekzosi ilipotoboka, kelele zilikuwa nyingi kuliko shilingi tulizokuwa nazo. Tuliiziba wenyewe, na hivi ndivyo inavyofanyika.

Kwanza, chanzo. Petroli ikiungua hutoa pia mvuke wa maji. Safari zikiwa fupi fupi, bomba halipati joto la kuyakausha maji hayo. Yanatuama ndani ya sailensa, na kutu inaanza kula kutokea ndani. Ndiyo maana nje unaona pazima, kumbe ndani pameisha.

Kutafuta tundu: gari likiwa nje na injini bado ya baridi, washa. Mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa tambara nene, sekunde chache tu. Wewe sikiliza ukiwa pembeni, usiingie chini ya gari. Panapofoka ndipo hapo, na mara nyingi utaona masizi meusi. Zima, acha bomba lipoe kabisa.

Zana: brashi ya waya, msasa, gundi ya ekzosi inayostahimili moto, kopo la chuma la maziwa, klipu mbili za kukaza, glavu na miwani. Kopo la soda ni la alumini, jepesi mno. La chuma linadumu zaidi.

Kazi yenyewe: weka gari mahali tambarare, zuia tairi, nyanyua kwa jeki, kisha tegesha kwenye stendi. Tofali si stendi, jamani, linapasuka ghafla. Sugua kutu mpaka chuma king'ae. Kata kopo uondoe mfuniko na kitako, lipasue kwa urefu. Paka gundi kuzunguka tundu, vingirisha bati hilo, kaza klipu kila upande. Gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, ndipo uwashe tena hapo hapo nje na kusikiliza.

Lakini kiraka kina mipaka. Bomba likibonyea ukilibonyeza kwa kidole, hakuna pa kushikia. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akate kipande. Tundu likiwa karibu na injini, kabla ya sensa ya oksijeni, nalo mwachie fundi: hewa ikiingia hapo sensa inadanganyika, na gari linaanza kula mafuta.

Sasa kiini cha somo. Hatuzibi ekzosi kwa sababu ya kelele tu. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sakafu ya gari la zamani ikiwa na kutu, gesi inapanda hadi mlipokaa. Mkiumwa kichwa wote, mkisikia kizunguzungu au kichefuchefu, msisingizie njaa. Simamisheni gari, zimeni, tokeni nje, muende hospitali. Na asilale mtu ndani ya gari linalounguruma, hata mvua inyeshe vipi.

Kazi ya nyumbani: kabla ya safari ijayo, inua zulia la gari mnalopanda, uangalie sakafu.