Rada, setilaiti na ankara ya kila mwaka

Somo la wiki hii linahusu rada, chombo ambacho Watanzania wengi wanakijua kwa bei yake kuliko kwa kazi yake. Ile iliyonunuliwa kwa BAE Systems ya Uingereza iligharimu pauni milioni 28. Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza kampuni hiyo faini kwa kutotunza hesabu ipasavyo, kisha pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa manufaa ya Watanzania. Wananchi wakaziita "chenji ya rada", zikanunua vitabu na madawati.

Swali la mwekezaji ni jingine: biashara ya kufuatilia ndege inaelekea wapi, na nani atalipwa?

Rada ni mtaji wa chuma. Ile ya msingi hutuma mawimbi na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye bati la ndege. Ile ya pili huiuliza ndege, na kifaa kiitwacho transponda hujibu kwa kutaja namba na kimo. Antena huzunguka, hivyo mwongozaji hungoja sekunde kadhaa kupata picha mpya. Nyuma ya mlima rada haioni, na katikati ya bahari haifiki.

Mfumo unaokuja juu unaitwa ADS-B. Hapa ndege haingoji kuulizwa. Inajua ilipo kwa GPS, na inatangaza yenyewe karibu mara mbili kila sekunde. Kituo cha kupokea ni antena ndogo, bei yake haikaribii ya rada. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2010 na kuifanya lazima katika anga yake kubwa kuanzia Januari 1, 2020. Waliofaidi kwanza ni watengenezaji wa vifaa vya ndani ya ndege. Lakini mteja wa namna hiyo hununua mara moja, na tarehe ikishapita oda hupungua.

Fedha ya kudumu iko kwenye taarifa. Kampuni ya Aireon, iliyoanzishwa na Iridium pamoja na shirika la uongozaji ndege la Canada, iliweka vipokezi juu ya setilaiti mpya za Iridium zilizorushwa kati ya 2017 na 2019. Mashirika ya Italia, Ireland, Denmark na Uingereza yaliingiza mtaji. Tangu 2019, umbali kati ya ndege zinazofuatana juu ya Atlantiki ya Kaskazini umeweza kupunguzwa kutoka maili 40 za baharini hadi kama 14.

Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka, wakafa watu 157. Siku tatu baadaye Canada ilizuia Boeing 737 MAX kuruka, ikitaja taarifa za setilaiti zilizoonyesha mwendo uliofanana na ule wa ndege ya Lion Air iliyoanguka Oktoba 2018. Marekani ikafuata siku hiyo hiyo. Thamani ya bidhaa hii ilionekana hapo kuliko katika tangazo lolote.

Hata hivyo, usikimbilie kuizika rada. Transponda ikizimwa, ADS-B nayo hunyamaza. Ya Malaysia MH370 ilinyamaza Machi 8, 2014 ikiwa na watu 239. Tena matangazo haya hayana muhuri wa kuthibitisha mtumaji, na tangu 2022 GPS imekuwa ikivurugwa mno karibu na Bahari ya Baltiki na Mashariki ya Kati. Serikali nyingi zitabaki na rada chache za akiba, kwa hiyo wauzaji wake hawajafunga duka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, Aireon haijawahi kuorodheshwa sokoni. Iridium ipo Nasdaq, ila mapato yake mengi yanatokana na mawasiliano ya setilaiti, si ndege. Fungua taarifa yake ya mwaka, tafuta malipo ya kubeba vipokezi na ya kusafirisha taarifa zake, uyalinganishe na mapato yote kabla ya kumpigia dalali.