Puma na Majina Yake

Mtoto achungaye mbuzi huko Sapiwi, katika nchi ya Bariadi, akiona ngozi ya madoa ikipita majanini, hupiga ukelele: "Chui!" Watu hutoka mbio na mikuki na marungu. Lakini pengine aliyepita si chui, bali ni mondo, mnyama mwembamba wa miguu mirefu na masikio makubwa, ambaye chakula chake hasa ni panya. Mondo akiuawa kwa kosa hilo, wanaofurahi ni panya, na mwenye shamba ndiye apataye hasara.

Upande wa mbuga za Serengeti yuko na duma. Huyu naye huitwa chui na watu wasiomtazama vema. Hata Waingereza zamani walimwita chui wa kuwindia, kwa kuwa wafalme wa Bara Hindi walimfuga ili awakamatie swala. Walakini madoa ya chui yamekaa mafungu mafungu, mfano wa maua; ya duma ni matone meusi, kila moja peke yake. Tena duma ana mistari miwili myeusi itokayo machoni hata kinywani, kama njia ya machozi. Chui huwinda zaidi usiku, na nyama yake huipandisha mtini. Duma huwinda mchana kwa mbio, na fisi wakija huwaachia mawindo, maana hana ubavu wa kupigana nao. Duniani pote wamebaki duma wapatao 7,000 tu. Basi kumwua mmoja kwa sababu ya jina si jambo dogo.

Duma huyu anaye ndugu ng'ambo ya bahari, katika Amerika, naye ni puma. Rangi yake ni moja, kama ya simba jike, lakini mtoto wake huzaliwa na madoa, nayo hufifia akuapo. Wataalamu waliochunguza urithi wa damu wameona kwamba udugu wa duma na puma ni wa karibu kuliko wa duma na chui. Wote wawili hawawezi kunguruma. Hukoroma kama paka wa nyumbani.

Puma huonekana toka Kanada hata kusini ya Chile, na kila taifa lililokutana naye lilimpa jina. Neno puma ni la Wakechua wa Peru. Wahispania walimwita simba. Kwa Kiingereza peke yake anayo majina zaidi ya 40. Mwaka 1771 mtaalamu Linnaeus wa Uswidi alimpa jina la Kilatini lenye maana ya rangi moja, wataalamu wa nchi zote wapate kujua kuwa mnyama ni yule yule.

Yasimuliwa kwamba Waholanzi waliofika mahali palipo New York sasa, katika karne ya 17, waliletewa ngozi za puma na wenyeji. Wakadhani ni za simba, wakauliza kwa nini zote ni za majike. Wenyeji wakajibu kuwa madume ni wakali mno, nao hukaa milima ya mbali. Kumbe puma dume hana manyoya marefu shingoni, wala hakuwa nayo kamwe.