Kompyuta ya mitumba inadai nenosiri? Usikimbilie fundi

Umemlipa muuzaji kwa simu, umefika nyumbani, kuwasha tu kompyuta inadai nenosiri. Ukimpigia, anasema amelisahau. Bado kuna la kufanya.

Kama ni Windows 10 au 11, chomeka chaja kwanza. Kwenye skrini ya kuingilia bonyeza alama ya kuzima, ushikilie Shift, kisha ubonyeze Restart. Chagua Troubleshoot, Reset this PC, halafu Remove everything. Faili zote za mwenyewe wa zamani zitafutika, na heri zifutike: usifungue akaunti yako ya pesa kwenye mashine ambayo hujui imewekwa nini ndani. Ikigoma, tumia flashi ya GB 8 yenye Windows mpya.

Lakini nenosiri likiulizwa kabla Windows haijaanza, huenda ni la mashine yenyewe, na kufuta hakutaliondoa. Muulize muuzaji risiti ya alikoinunua. Akianza kukwepakwepa, huenda ni ya wizi. Tunza ujumbe wa malipo uende nao polisi. Sisi pesa uliyotuma kwa nambari sahihi si rahisi kukurudishia, ndiyo maana tunasema: iwashe mbele yake, uingie, ndipo utume.