Matone ya Vitamini A: Kipimo Kikizidi

Kila Juni na Desemba, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, watoto wa Titye, mkoani Kigoma, hupewa matone ya vitamini A kama wenzao nchi nzima. Mtaalamu wa lishe anajibu maswali ya wazazi.

Swali: Mtoto hupewa kiasi gani?
Jibu: Wa miezi 6 hadi 11 hupewa vizio 100,000, kidonge cha buluu. Wa miezi 12 hadi 59 hupewa 200,000, kidonge chekundu. Mhudumu hukata ncha kwa mkasi na kumkamulia mafuta mdomoni.

Swali: Mbona hadi miezi sita ipite ndipo arudie?
Jibu: Vitamini C ikizidi hutoka na mkojo. Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta, hivyo ini huihifadhi na kuitoa kidogo kidogo. Ukiongeza kabla ya akiba kupungua, inageuka sumu.

Swali: Wangu alitapika usiku ule. Nimkatalie dozi ijayo?
Jibu: Hapana, mama. Baadhi ya watoto hutapika, huumwa kichwa au huharisha kidogo. Wadogo huweza kuvimba utosi. Hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Ikiendelea, au akilegea, akigoma kunyonya au kupata degedege, mkimbize kituo cha afya.

Swali: Anayezidisha kwa muda mrefu hupatwa na nini?
Jibu: Ngozi hukauka na kubanduka, nywele hukatika, mifupa huuma, ini huharibika. Koobi Fora, Kenya, mwaka 1973 yalipatikana mabaki ya binadamu wa kale yenye mifupa iliyovimba. Mwaka 1982 watafiti walieleza kuwa huenda ni vitamini A nyingi, kwa kula maini ya wanyama wala nyama.

Swali: Nina mimba. Naweza kumeza kidonge cha mtoto?
Jibu: Usithubutu. Kiasi kikubwa, hasa miezi mitatu ya kwanza, huweza kumlemaza mtoto tumboni. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea navyo.

Swali: Na mawese yetu?
Jibu: Kuleni, pamoja na viazi lishe na mchicha. Mwili hutengeneza vitamini A kutokana navyo kwa kadiri unavyohitaji, hivyo chakula hicho hakileti sumu hiyo.

Mzazi, siku ya matone nenda na kadi ya kliniki, na hakikisha tarehe ya dozi imeandikwa. Usimnunulie mtoto vitamini dukani bila kumwuliza mhudumu.