Mwanao Akiambiwa Gego Ling'olewe

“Jino la utoto hili, mama. Tunang'oa, litaota lingine.” Niliambiwa hivyo kwenye kliniki moja ya meno hapa Dar es Salaam, yenye kiyoyozi na katuni ukutani, na daktari hata dakika mbili hakumaliza kinywani mwa binti yangu. Hakupiga picha. Hakuuliza jino limeanza kuuma lini. Kabla sijafungua mdomo, dada wa mapokezi alishanishikisha bili, na mtoto wa miaka 7 ameketi palepale anasikia habari za kung'olewa zikipita juu ya kichwa chake. Nilimshika mkono tukaondoka. Mpaka leo nikipita barabara ile nasonya.

Wala sikukasirikia uamuzi wa kung'oa, maana mwishowe jino liling'olewa kweli, kwingine. Nilikasirika kwa sababu mzazi anadai kuelezwa, hasa kwa gego. Meno ya mbele huanza kutikisika mtoto akiwa na miaka 6 au 7, na yale bibi yake anaweza kuyamaliza kwa uzi. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka 7 akipoteza gego, pengo litakaa miaka mitatu na zaidi, na gego la kwanza la ukubwani, ambalo huota nyuma yake kwenye miaka 6 hivi, halisubiri. Linalalia mbele na kuimeza nafasi. Siku jino lililo chini ya fizi likitaka kutoka, halina pa kutokea. Linachomoza pembeni au linakwama. Sasa hayo yote daktari anayajua, mimi nalipa, kwa nini nisiambiwe?

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni picha. Tulikwenda hospitali ya serikali, tukakaa benchi asubuhi nzima, na daktari mmoja kijana akapiga eksirei, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Akanionyesha jino la ukubwani limelala katikati ya mizizi ya gego bovu, na kivuli cheusi pale mfupa ulipoliwa na usaha. Nikamuuliza kama haliwezi kutibiwa. Akasema kuoza kukiwa kumegusa sehemu ya juu tu ya kiini, wanaitoa sehemu hiyo, wanaweka dawa, kisha wanalivika jino kofia ya chuma, na linaendelea kutafuna mpaka umri wake wa kung'oka. La kwetu lilikuwa limepita hapo. Usaha ukiachwa ukae, unaweza kuharibu hata jino changa lililo chini, likatoka na madoa au gamba bovu. Nikaelewa, nikakubali.

Na hapa niseme na wenye maduka ya dawa wa mtaani kwetu. Mtoto anashika shavu, mzazi anauziwa amoxicillin bila cheti, uvimbe unashuka, kila mtu anafurahi, na baada ya muda jipu la fizi linarudi. Kidonge hakizibi tundu. Tundu likibaki, ugonjwa unabaki. Mnajua hivyo na bado mnauza.

Hatua ya pili ni kumwandaa mtoto, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho sikukuta mtu wa kunifundisha.

Usimwambie haitauma. Sindano ya ganzi inachoma kidogo, na mtoto akishagundua umemdanganya kwenye sindano, hatakuamini kwenye koleo. Na kama nyumbani mna tabia ya kusema “ukileta utundu utapigwa sindano”, acheni leo. Mimi nilimwambia binti yangu kila kitu kitakachokuja, kisha nikampa mkono wa kusimamisha kazi. Akinyoosha mkono wa kushoto, kila mtu anaacha anachofanya.

Tulifanya mazoezi kitandani jioni. Analaza kichwa mapajani kwangu, anafumbua mdomo, namulika kwa tochi ya simu na kuhesabu meno yake kwa mpini wa kijiko cha chai. Akinyoosha mkono, natoa kijiko mara moja. Mtoto atakujaribu. Wangu alinyoosha kwa kikohozi, akanyoosha kwa kucheka, akanyoosha limebaki jino moja nimalize. Kila mara niliacha, hata nilipokuwa nimechoka na mboga iko jikoni. Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Ukimwambia “subiri kidogo tu namalizia”, umeshaua mkono ule, na hospitalini hautafanya kazi.

Uwe wa kushoto kwa sababu madaktari wengi hukaa kulia kwa mgonjwa, na mkono wa kulia ukiruka ghafla utagonga vifaa vyenye ncha.

Zoezi lingine tulilolifanya ni kutofautisha kusukumwa na kuumia. Nilimkandamiza mkono kwa kidole gumba kwa nguvu, nikamwambia huku ni kusukumwa. Kisha nikamfinya kidogo, nikasema huku ndiko kuumia. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi ile hali ya kusukumwa, na watoto wengi hulia katikati ya kazi kwa sababu wanasikia jino linasukasukwa na kukwaruza, wakadhani maumivu yanakuja.

Siku ilipofika nilimweleza daktari habari za mkono mbele ya mtoto, ili wakubaliane wao wawili. Hakunicheka. Alipaka dawa ya kufisha fizi, akaiacha ifanye kazi, ndipo akachoma sindano polepole, na binti yangu akabana kidole changu. Alipoanza kulisukuma jino, mkono ukanyooka. Daktari akatoa koleo palepale. Akauliza, “Unasukumwa au unaumia?” Mtoto akafikiri, akasema anasukumwa, akafumbua mdomo mwenyewe. Mkono haukunyooka tena. Jino lilipotoka aliliomba alione, akaligeuzageuza na kuuliza kama lile tundu jeusi lina wadudu. Baba yake alikuwa amesimama korido kwa sababu damu haiwezi, akadhani hata bado hatujaanza. Nilijisikia nimeshinda kitu kikubwa, na sioni haya kusema hivyo.

Baada ya hapo ni mambo ya kawaida: aume pamba kwa nusu saa, asisukutue wala kutumia mrija siku hiyo, apewe uji uliopoa au mtindi. Panadol iwe ya watoto, kwa kipimo cha uzito wake, na asipewe aspirini kabisa. Ila lindeni mdomo. Ganzi ya taya la chini hukaa saa kadhaa, na mtoto hutafuna mdomo wake wa chini kama ubani kwa sababu hausikii. Jioni umevimba kuliko hata lile jino. Mkalishe karibu yako mpaka hisia zirudi. Na uvimbe ukisambaa kuelekea jichoni au chini ya kidevu, au akapata homa na kushindwa kumeza, usingoje asubuhi.

Jirani yangu alipoona shavu la binti yangu alianza habari za “meno ya plastiki” kwa mdogo wa binti yangu, ambaye bado ananyonya. Jamani. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi za mtoto mchanga ni meno yake halisi, chonge zinazojiandaa kuota. Kuharisha na homa havitoki huko, na wanaovichokonoa kwa chuma kisicho safi wamesababisha watoto kuvuja damu, kupata maambukizi na kufa. Mtoto akiharisha, mpe ORS na mpeleke zahanati.

Kuhusu dawa ya mswaki, iwe Whitedent, iwe Colgate, mimi sina upande. Nasoma nyuma ya boksi natafuta floridi, isiwe chini ya 1000 ppm. Zile za mkaa zinazotangazwa mitandaoni kung'arisha meno, kwa mtoto sitaki hata kuziona. Na ubuyu wa rangi, ambao hunata kwenye magego mchana kutwa, nyumbani kwangu sasa unaliwa Jumamosi, na mswaki unafuata.

Binti yangu amewekewa kifaa cha kushikilia nafasi, pete ya chuma iliyovikwa jino la jirani na kitanzi kinachoziba njia ya pengo. Kitakaa mpaka jino la ukubwani lichomoze, na kila baada ya miezi sita lazima kiangaliwe. Kama mwanao aling'olewa gego mapema na hukuambiwa lolote kuhusu kifaa hicho, rudi ukaulize wiki hii, kabla pengo halijafunga.