Laptopu mpya: usimwachie muuzaji akufungulie

Ukinunua laptopu Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji atakuuliza kama unataka akuwekee programu kabisa. Kwa pesa kidogo, au hata bure, anakuwekea Windows, programu za ofisi na antivirusi, anakufungulia na akaunti, unaondoka na mashine iliyo tayari. Mshukuru, chukua risiti, uondoke nayo jinsi ilivyo.

Programu hizo mara nyingi hazina leseni halali. Ili zifanye kazi, huendeshwa kijiprogramu cha kuvunja leseni, na hicho kwa kawaida hutaka ulinzi wa kompyuta uzimwe kwanza. Virusi vya kuiba nywila hupitia hapo hapo, kabla hata hujafungua barua pepe yako. Tena hazina ulazima. LibreOffice ni bure kihalali, nayo inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Antivirusi ya Defender huja ndani ya Windows yenyewe, na kwa mtumiaji wa kawaida anayejiepusha na programu za wizi inatosha.

Kama unanunua mtumba, kagua mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo tafuta mashine inayokubali Windows 11. Kwa zile za Intel, anzia prosesa za kizazi cha 8. Kumbukumbu ya GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, lakini utaijutia. Chukua GB 8. La pili ni betri. Fungua kidirisha cha amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Humo utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ukikuta imebaki nusu, punguza bei au ondoka.

Nyumbani, soma kibandiko cha chaja kabla ya kuchomeka. Kikiandikwa 100–240V, umeme wetu unaifaa, hata kama laptopu ilitoka Marekani na unahitaji adapta ya plagi. Umeme ukikatika, chomoa chaja, kwa sababu hatari kubwa ni ule unaorudi kwa nguvu.

Ukiiwasha, weka saa sawasawa. Kwenye orodha ya majira hutaiona Dar es Salaam wala Kampala, basi chagua Nairobi. Aliyeko Lubumbashi, Kigali au Bujumbura achague Harare na Pretoria. Saa ikikosewa sana, tovuti nyingi zitakataa kufunguka, nawe utadhani intaneti ndiyo mbovu.

Sasisho za mwanzo zinaweza kumeza gigabaiti kadhaa. Usizifanye kwa bando la simu. Tafuta mahali penye waifai isiyo na kikomo, chomeka chaja, uiache ifanye kazi hadi imalize, izime na kujiwasha inavyotaka. Baadaye ukitumia hotspoti ya simu yako, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uuwekee alama kwamba data yake inapimwa. Windows itapunguza sana kupakua vitu bila kukuuliza.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi dukani. Laptopu nyingi mpya za Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, huifunga diski kwa msimbo wa siri zenyewe. Ni ulinzi mzuri sana: mwizi akiing'oa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, haisomi. Lakini siku moja, pengine baada ya kubadilishiwa ubao mkuu, laptopu yako mwenyewe inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ukiukosa, hakuna fundi wa kukusaidia. Tasnifu, hesabu za duka na picha za harusi ndiyo basi tena. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuifungua laptopu. Kama muuzaji alikufungulia kwa barua pepe yake, ufunguo wa mali yako anao yeye. Kwa hiyo tumia akaunti yako, ingia kwenye tovuti ya Microsoft, sehemu ya vifaa vyako, unakili tarakimu zote 48 kwenye karatasi. Karatasi iweke pamoja na vyeti vyako, isikae kwenye begi la laptopu.

Watoto wafungulie akaunti yao isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Na kama laptopu yako hukaa mezani imechomekwa kutwa, programu za Lenovo, Dell na Asus zina sehemu ya kuizuia betri isijae kupita asilimia 80 au hapo karibu. Itumie, betri itadumu zaidi.

Mwisho ni nakala za akiba. OneDrive inakupa GB 5 tu za bure, zinazotosha nyaraka muhimu lakini si picha na video. Nunua diski ya nje wiki hiyo hiyo, nakili faili zako zote, kisha ichomoe uiweke chumba kingine. Diski inayoachwa imechomekwa huharibiwa na kirusi kile kile kinachoharibu laptopu, na mwizi huzibeba zote mbili.