Somo: Kurudisha Tela Nyuma Katika Uwanja wa Ghala



Katika ukaguzi wangu niliwahi kukuta pembe ya ghala la chama kimoja imebomolewa na tela. Matengenezo yalilipwa kwa ushuru wa wanachama wote. Lau angalikuwapo mpagazi pale, tungalizika. Kwa hiyo yafaa tujifunze.

Tela la magurudumu mawili hurudi kinyume cha usukani. Dereva akikata kulia, mkia wa tela huelekea kushoto. Njia rahisi ni kushika usukani sehemu ya chini, kisha kuusogeza mkono upande ule ambao tela linatakiwa liende. Akate kidogo kidogo, kwani tela fupi hugeuka upesi kuliko refu. Likianza kujikunja karibu na gurudumu la trekta, asishindane nalo. Asimame, asogee mbele mpaka vyote vinyooke, ndipo aanze upya.

Taratibu za uwanjani ni hizi:

1. Dereva ashuke kwanza, aikague njia kwa miguu, na watoto waondolewe.

2. Mwelekezaji awe mmoja tu, asimame mahali anapoonekana. Asipoonekana, dereva asimamishe trekta.

3. Mtu yeyote asikae kati ya trekta na tela, wala kati ya tela na ukuta.

4. Kabla ya kuchomoa pini, magurudumu ya tela yawekewe mawe au magogo mbele na nyuma.

Katibu ayabandike masharti haya mlangoni mwa ghala. Haraka ya dakika tano isitugharimu ndugu yetu.